Milango Minne Kabla ya Meza ya Bwana

Bunia, Ijumaa mchana

Zakaria mwanangu,

Salamu ndefu nimeziruka. Tumesalimiana asubuhi juu ya chai, na umekunywa vikombe viwili bila kuniachia maziwa. Sasa umeenda kuaga kwaya yako. Nawajua wanakwaya wanavyoagana: mtaimba wimbo mmoja, mtalia, mtaimba tena, na mtasahau saa ya kuvre-fe, saa ya kutotoka nje, mpaka mtu awakumbushe. Basi nina saa tatu hivi za kuwa peke yangu. Mlango nimeufunga kwa komeo, na shangazi yako nimemtuma kwa jirani akaazime pasi ambayo siihitaji.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutoazimisha mashati, shangazi yako amekuimbia wiki nzima, mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, na nitalisema sasa hivi kabla sijaogopa. Keshokutwa ni Jumapili ya Meza ya Bwana. Pasta atakapouliza kama kuna mwenye ushuhuda, nitasimama. Nitasema mbele ya kanisa zima jinsi nilivyotumwa kwenye milango minne ya Wakristo wenzetu, nani alinituma, na nani alinisindikiza. Nilingoja uondoke kwanza, maana vijana wa kartie hii, mtaa wetu huu, mama akiwaudhi humtafuta mwanawe. Ndiyo sababu nimekusukuma na safari hii mpaka ukaniuliza kama nimechoka kukulisha. Nilicheka, lakini swali lile liliniuma.

Barua hii nitaishona ndani ya bitana ya koti lako. Kesho kwenye uwanja wa ndege nitakunong'oneza uifungue ukifika shuleni Beni, si kabla. Ukiona mshono mbaya, ujue nilishona kwa haraka, si kwamba nimesahau kushona.

Weye kesho utapanda ndege ndogo, utaiona Bunia yote kwa chini mara moja. Mimi sina pa kwenda. Barabara ya kaskazini imezibwa na bariyeri ya wale wenye bunduki, njia ya kushuka Irumu ina bariyeri ya wengine. Sokoni upande wa Mbunya sijafika tangu mvua za mwaka jana, na ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Popote utakapofika wanakutazama pua na urefu kwanza, halafu ndipo wanaomba karatasi. Sitaandika humu jina la kabila letu wala la kwao. Karatasi hupekuliwa, na tena nimechoka na majina hayo, yameharibu kila kitu yalichobandikwa. Nitasema upande wetu na upande wao, utaelewa. Kartie yetu sasa ina watu wa upande wetu tu. Kila ninayemsalimia anajua mama yangu alizaliwa wapi. Watu wengine hupumzika katika hali hiyo. Mimi nakosa pumzi.

Na kitu kinachonifunga zaidi ya bariyeri ni kwamba ninalindwa. Nitakueleza.

Kwanza nikurudishe Kilo, nilikozaliwa. Babu yako alikuwa mwinjilisti pale kwenye machimbo ya dhahabu, hilo unalijua, picha yake iko ukutani na Biblia yake kubwa. Usilolijua ni hili. Shimo moja lilibomoka likaua mtu, na wachimbaji sita wakakataa kushuka tena mpaka litiwe miti ya kuzuia udongo. Mkubwa wa machimbo alikuwa Mkristo wa benchi ya mbele. Jumapili ya Meza babu yako alisimama akasoma majina ya wale sita, akasema watakaa nje ya Meza mpaka waombe msamaha, kwa kuwa wamevuruga amani. Nilikuwa na miaka tisa. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, aliyenichongea mtoto wa mti wa kubeba mgongoni. Nilimwona akitoka, kofia mkononi, hatazami mtu. Nyumbani nikauliza, "Baba, wamevuruga amani ya nani?" Alinipiga kofi. Halafu akaenda kukaa nyuma ya jiko, na ugali wake ukapoa akiwa huko.

Babu yako hakuwa mtu mbaya. Kiwanja cha kanisa kilikuwa mali ya yule mkubwa, na aliogopa tusije tukaimba chini ya mvua. Nilimpenda sana, na bado nampenda. Lakini siku ile nilijifunza somo baya, nikalibeba miaka arobaini nikidhani ni adabu: kwamba kanisa linaishi kwa kutomkera mwenye nguvu, na kwamba ukitaka kumtoa mtu nje, mtoe kwa sauti ya sala.

Sasa nije hapa Bunia.

Unazijua kazi zangu za ushemasi, umezisumbukia tangu utoto. Wiki mbili kabla ya Meza natembea nyumba kwa nyumba. Nauliza: kuna uliyekosana naye? Kuna neno moyoni? Mwenye neno tunamsaidia kupatana na mwenzake kwanza, ndipo ale mkate. Miaka kumi na moja nimetembea hivyo, kitambaa cheupe kichwani, daftari la Meza kwapani. Hata walevi walinipisha njia. Na mwenzangu wa kazi, unamkumbuka, alikuwa Mama Rebeka, mke wa Muzee Eliya fundi baiskeli. Mimi naoka mkate, yeye anafua na kupiga pasi kitambaa cha Meza. Watu wa upande wao. Tulikuwa tunagombana juu ya chumvi ya mkate, yeye akisema natia nyingi mno, Bwana hakuwa anauza samaki wa chumvi. Hakuna aliyenichekesha kama yeye.

Vita vilipoingia mjini, familia nyingi za upande wao zikahama. Zilibaki nne katika kanisa letu. Mama Lea mjane na mjukuu wake. Mwalimu wa darasa la tatu, yule kijana mwembamba. Yohana wa dispensari na mkewe. Na Muzee Eliya na Mama Rebeka na watoto wao wawili. Walibaki kwa sababu walisema, siye tuko Wakristo wa hapa, nani atatugusa.

Halafu vijana wa upande wetu wenye bunduki wakamwambia Pasta hawatakaa benchi moja na watu wale. Pasta akaita wazee, akaniita na mimi. Mlikuwa na mazoezi ya kwaya siku ile, nilisikia ngoma zenu kupitia ukutani muda wote tulipokuwa tunaongea. Walijadiliana mchana mzima. Hakuna aliyesema neno la chuki, nakuapia. Wote walikuwa na huzuni. Mwisho wakakubaliana kwamba zile familia nne ziombwe kusali nyumbani.

"Mama Zaka, njo weye utaenda kuwaambia," Pasta akasema. "Watu wanakuzoea. Hata wakikuona ku njia watasema ni matembezi ya Meza tu."

"Kwa muda gani, Pasta?"

"Muda kidogo. Mupaka hali itulie. Ni juu ya usalama yao."

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia mtu mkubwa. Wazee kumi na wawili wanaume, na kazi ngumu wameniachia mimi. Niliona fahari, Zaka. Nimelitafuta neno jingine la kuandika hapa nikalikosa.

Weye siku iliyofuata ulikuwa umelala na palu, homa ya malaria imekupanda, unaita majina ya watu wasiokuwepo. Nilikuacha na shangazi yako nikatoka saa tatu asubuhi. Langoni nikamkuta Papi na wenzake wawili. Ndiyo, Papi wako, mpiga ngoma wa kwaya. Alikuwa ameanza kubeba bunduki mwezi ule.

"Mama shemasi, njia iko mubaya. Tunakusindikiza."

"Na hicho kitu begani utakiacha wapi?"

"Hii? Hii iko ya kukulinda weye."

Nikacheka. Nikamwambia afunge vifungo vya shati, hatembei na shemasi kifua wazi. Akafunga. Tukaenda.

Kwa Mama Lea alinisikiliza, akaniambia asante kwa kumfikiria. Yule mwalimu aliingia ndani akarudi na kadi yake ya Meza akanipa, kana kwamba nimekuja kuichukua. Nikamwambia abaki nayo. Papi na wenzake walikuwa wanangoja nje kila mara, wametulia, hata mmoja alimchotea Mama Lea maji. Nilipotoka kwa mwalimu, Papi akauliza sasa tunaenda wapi. Nami nikamjibu kwa kinywa changu: "Kwa Yohana wa dispensari. Parsele ile, kiwanja ya nyuma ya kisima, mulango ya buluu."

Alikuwa hajui. Yohana alikuwa amehamia pale kimyakimya, akitoka alfajiri na kurudi giza likiingia ili asionekane. Mimi nilipajua kwa sababu pameandikwa katika daftari la Meza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Rebeka. Alinifungulia akicheka, akadhani nimekuja kugombana juu ya chumvi. Nilimwambia yale niliyotumwa. Aliniacha nimalize. Kisha akatazama juu ya bega langu, akawaona vijana watatu kwenye ua.

"Na hawa?"

"Wananilinda tu."

"Wanakulinda na nani? Na miye?"

Nikaanza tena mambo ya usalama, ya muda kidogo, ya hali kutulia.

"Mama Zaka," akasema, "kama unanifukuza, nifukuze na sauti ya kufukuza. Usinifukuze na sauti ya pole hivi, maana siwezi hata kukasirika."

Akaingia ndani. Akatoka na kitambaa cha Meza, kimekunjwa vizuri. "Peleka basi," akasema. "Nilikuwa nimeshakipiga pasi."

Nikakipokea. Ningeweza kuketi, Zaka. Ningeweza kusema leo sirudi, nalala hapa kwako, anayekuja anikute na mimi. Wazo hilo halikunijia. Nilisema kwaheri, nikarudi nyumbani kukupangusa jasho, na Papi akaniaga langoni kwa heshima.

Asubuhi ya siku ya tatu wale vijana walikwenda kwenye nyumba zile. Risasi ulizisikia na weye, ulinishika mkono ukaniuliza ni wapi, nikasema mbali. Haikuwa mbali. Walianza kwa Mama Lea, wakaenda kwa mwalimu, wakaenda nyuma ya kisima kwenye mlango wa buluu, wakamalizia kwa Muzee Eliya. Walifuata nyayo zangu nyumba kwa nyumba bila kukosea hata moja. Mwalimu aliuawa. Yohana na mkewe waliuawa. Muzee Eliya aliuawa karakanani kwake. Mama Lea na mjukuu wake hakuna aliyewaona tena. Mama Rebeka alipitia dirisha la jikoni na watoto, watu walimwona njia ya Irumu, hana viatu, na habari zake zinakatikia hapo.

Jumapili ile nilioka mkate kama kawaida. Nilitandika kitambaa alichopiga pasi. Pasta alihubiri juu ya mji wa mbinguni usio na machozi, akaombea "hali ya mji wetu" kwa sentensi moja. Hakuna jina lililotajwa. Nilikuwa nimeoka kwa mazoea, mkate ukazidi, na baada ya ibada mzee mmoja akaniuliza kwa nini leo umebaki mwingi hivi. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Nikasema nilikosea kipimo. Na mimi niliula, mwanangu. Nilipokea mkate ule kwa mikono hii nikameza.

Baada ya wiki nilikwenda kwa Pasta. Nilimwambia nataka kusema kanisani jinsi ilivyokuwa. Alilia, hilo nimshuhudie, alilia machozi ya kweli. Halafu akasema, "Mama, ukisema utaua wengine. Fikiri Zakaria." Na akaongeza, kwa upole wake uleule, kwamba amekuwa akikufikiria kwa shule ya teolojia, kwamba una karama, kwamba karatasi ya kukupendekeza inahitaji sahihi yake na utulivu wa nyumba unayotoka. Hakunitisha. Hakukuwa na haja. Nilikwenda nyumbani nikanyamaza, na mwaka huu karatasi ikapata sahihi. Kwa hiyo ujue unachokibeba kwenye ile bahasha ya kaki. Nafasi yako shuleni nimeilipa kwa kimya changu, na keshokutwa kimya hicho kinaisha. Huenda wakaiandikia shule barua nyingine. Huenda wakakurudishia mizigo yako mlangoni. Naumia kwa hilo kuliko kwa lolote litakalonipata mimi, na nimelipima nikaona bado nitasema. Ukinikasirikia una haki, na sitakuomba uharakishe kunisamehe.

Weye mwenyewe nilikujaribu. Unakumbuka, tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, pale nje, nikakuuliza kanisa lingefanya nini juu ya familia zile nne. Ukaweka mkono kifuani kama mhubiri wa redio ukaniambia, "Mama, nyamazia hayo. Kanisa haiingii siasa. Kazi yetu ni roho za watu." Ulikuwa na cheti kimoja tu cha shule, na maneno makubwa ya Kifaransa ambayo ulikuwa hujayatafuna. Nilikutupia jani la sombe. Lakini ndani nilikufa ganzi, kwa sababu ulikuwa umesema neno kwa neno analosema Pasta tangu mauaji yale, na ambalo babu yako angelisema Kilo.

Nimelifikiria neno hilo mwaka mzima nikifagia, nikipepeta unga, nikingoja risasi ziishe. Sina masomo yako. Hivi ndivyo ninavyoona. Siku wazee walipokaa na kuamua nani asije kanisani, hiyo ilikuwa siasa. Siku nilipotembea na daftari la Meza nikisindikizwa na bunduki, hiyo ilikuwa siasa, na ilivaa kitambaa cheupe. Mpaka hapo hakuna aliyesema kanisa haliingii. Tulikumbuka kwamba haliingii siku ilipobaki kuwalilia waliokufa. Watu wa nje waliotutazama hawakusikia mahubiri yetu ya mbinguni. Walitutazama nani ameketi kwenye mabenchi yetu na nani hayupo, na hiyo ndiyo injili waliyoisoma kwetu.

Utaniuliza kwa nini nisitubu kwa Mungu chumbani yakaisha. Nimetubu. Nimetubu mpaka magoti yamekuwa meusi. Lakini kosa langu sikulifanya chumbani. Nililifanya saa tatu asubuhi, njiani, kila mtu akinisalimia. Nikilitubia gizani peke yake, naona kama ninamficha Mungu pamoja nami ili watu wasimwone. Na Mama Rebeka, kama yu hai, yuko mahali fulani akijua kwamba kanisa lake lilimfukuza kwa upole na halijasema hata siku moja kwamba lilikosea. Sijui kama maneno yangu yatamfikia. Nataka angalau yawe yamesemwa, yatembee yenyewe.

Tena nisijifanye shujaa. Kuna siku naona nataka kusema ili nipate usingizi tu, na hilo ni la kwangu, si la haki. Kuna siku nawaza Pasta ana haki, kwamba nitaleta maafa mapya. Nimeogopa sana. Hata sasa nikisikia viatu njiani nafunika karatasi hii na sahani. Usije ukahubiri siku moja kwamba mama yako hakuwa na hofu.

Ukija kuwa mchungaji, na bado natamani uwe, sikuagizi mengi. Ukipanda mimbarini, kabla hujafungua kitabu tazama mabenchi ujiulize nani amekosekana na kwa nini, kisha usilimeze jibu. Wakikutuma na neno la baraza kwa mnyonge, waambie waje wote wakuone ukilisema. Na mtu mwenye nguvu akijitolea kukulinda, muulize mara mbili anakulinda na nani. Mama Rebeka aliuliza mara moja akajua. Mimi imenichukua mwaka na miezi.

Kuhusu shule, ukifukuzwa kwa ajili yangu, tafuta fundi baiskeli ukajifunze kazi. Si aibu. Muzee Eliya alikuwa fundi, na katika kanisa lile lote sikuona mtu aliyesikiliza neno kwa makini kama yeye, mikono yake ikiwa na grisi isiyotoka hata Jumapili.

Nina la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishone barua badala ya kukueleza mdomoni.

Kesho asubuhi Papi atakuja kukubebea sanduku. Ameomba mwenyewe. Bila yeye hatufiki uwanjani, bariyeri zote mbili za njiani ni za wenzake, na atakupitisha akikutania na kukupiga mgongoni. Utakapokuwa unasoma hapa, hayo yatakuwa yamekwisha. Utakuwa umemkumbatia na kumshukuru, labda umempa ile saa yako aliyoitamani siku nyingi. Usijichukie kwa hilo. Hukujua, na mimi niliyejua nimemshukuru karibu kila siku. Anapita hapa jioni, anaita kutoka njiani, "Mama shemasi, lala vizuri, tuko hapa," nami namwitikia. Nikinyamaza, atauliza kwa nini. Nimeishi hivyo tangu siku ile, naitikia.

Nimemtazama sana mwaka huu. Ana miaka ishirini na mmoja. Amekonda, na kwenye ngoma anapoteza mapigo, weye mwenyewe ulilalamika juu yake. Hakuna aliyemuuliza alifanya nini, kwa hiyo na yeye hana mahali pa kulisema. Nilimfundisha shule ya Jumapili, Zaka. Nilimfundisha kufumba macho.

Basi keshokutwa nitayataja majina ya nyumba nne. Nitasema wazee walinituma na mimi nilikubali. Halafu nitageuka upande wa ngoma na kusema, "Papi, kuya hapa mbele, simama na miye. Tulitembea wote wawili." Sijui atafanya nini. Anaweza kuja. Anaweza kukimbia nje. Akija na kile kitu begani mwake, na usikie nimelala chini katikati ya kanisa, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha: usirudi kunizika. Shangazi yako anajua pa kuniweka. Weye baki huko uliko, na mtu akikuuliza umetoka kanisa gani, mwambie yote.

Nakusikia langoni unacheka na Papi. Naificha.

Mama yako,
shemasi mpaka Jumapili